Chakula cha Mwosha Maiti

Siku mama yake alipozikwa, Tunu alijifungia stoo akala chakula alichowekewa Bi Mosi, mwosha maiti. Bi Mosi alirudi kwake na njaa bila kuuliza.

Siku ya arobaini Tunu alimkuta uani akipeta mchele. Wenzake wa kikundi, wanaokutana kusaidiana kuacha kula kupita kiasi, walikuwa wamemshauri akakiri kwa mwenye chakula, bila visingizio.

"Bi Mosi, chakula chako siku ile nilikila mimi. Njaa sikuwa nayo. Nilishindwa tu kuacha."

"Nilijua, mwanangu. Ulitoka stoo na mchuzi hadi kwenye kanga."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini mbele ya watu? Kwamba mtoto wa marehemu ni mwizi wa ubwabwa?" Bi Mosi aliweka ungo chini. "Ila niliumia. Mikono iliyomwosha mama yako ilikwenda kujisongea ugali."

Tunu aliuchukua ungo, akamalizia kupeta.

Ubwabwa ulipoiva, alimkabidhi Bi Mosi upawa. "Nipakulie wewe. Nikishika mimi, sitajua pa kukomea."

Sasa Tunu hula anachopakuliwa na mtu mwingine, na sufuria inapofunuliwa, hutoka nje.