Kigari cha Jirani

Nilikuwa nimefungua gurudumu la tatu la kigari cha Mama Milembe, nikisugua beringi kwa mswaki, nilipouona ufa. Ulikuwa mwembamba, kwenye mkono unaoshika gurudumu la mbele. Mkono huo usingevuka tuta la kwanza kwenye mbio za kesho.

Mtaani kwetu maji hugawanywa kwa mbio za vigari vya rimoti. Kinachoshika mkia kila mwezi, nyumba yake hufungiwa bomba wiki mbili. Ili mtu asikiongezee chake nguvu kwa siri, kila nyumba hukifanyia matengenezo kigari cha jirani. Changu kilikuwa mezani kwake, ng'ambo ya ukuta.

“Shemeji, mwezi uliopita ulinirudishia kigari kinaserereka kama mlevi!” Mama Milembe alipaza sauti kutoka kwake.

“Mlevi alikuwa dereva,” nikamjibu, naye akacheka.

Nyuma yangu mke wangu, Ng'wasi, alikuwa akimwogesha mtoto wetu wa siku kumi na mbili kwa kikombe kimoja cha maji. Aliinama akautazama ufa, kisha akanitazama mimi.

“Nani atajua?” aliuliza kwa sauti ya chini.

Niligonga ukuta. “Jirani, changu umekionaje?”

Bisibisi yake, iliyokuwa ikisikika ukutani, ilinyamaza. “Kizima, shemeji. Hakina tatizo.”

Giaboksi ya kigari changu ilikuwa ikikwaruza tangu juzi, na mlio wake ulisikika hadi barabarani. Lakini huenda alikuwa hajaifikia.

Nilikifunika kigari chake kwa kanga, gurudumu likiwa bado pembeni, ufa sijamtajia.

“Nitamalizia asubuhi,” nilimwambia Ng'wasi.

Ng'ambo ya ukuta, bisibisi haikuanza tena.