Kisanduku cha Jumapili

Tyra alikipaka kisanduku cha Jumapili alasiri rangi nyekundu, akaegemea kiti na kucheka peke yake.

Kisanduku chenyewe kilikuwa wazi, hakuna aliyekichukua. Lakini katika fomu mpya ya mtandaoni ya kuwekea zamu za chumba cha kufulia, kijani maana yake karibu, nyekundu maana yake umechelewa. Nani atahangaika kubonyeza palipokwisha kuchukuliwa? Ni Tyra tu, aliyeitengeneza fomu, aliyejua kwamba pale pakibonyezwa panakubali.

Alikuwa na sababu. Jengo zima lilikuwa na chumba kimoja cha kufulia, naye alikuwa kazini hadi Jumamosi jioni. Jumapili ndiyo siku yake pekee, na kila Jumapili alimkuta mzee Sixten wa ghorofa ya chini ameshamtangulia. Mstaafu mzima, wiki yote ni yake, ila kung'ang'ania Jumapili! Na licha ya kufua kote huko alikuwa akitoka na soksi moja nyekundu, nyingine ya kijani. Kiangazi kilichopita alimletea Tyra bakuli la stroberi alizochuma mwenyewe, nusu nzima mbichi. Tyra akahesabu kuwa ni dharau.

Kwenye mkutano wa wakazi, kahawa na mikate ya mdalasini mezani, fomu ilisifiwa sana. Ingegerd, mwenyekiti, peke yake ndiye aliyeuliza kama isingefaa kuandika ndani ya kisanduku jina la aliyekichukua.

"Maandishi yatajaza ukurasa bure," Tyra alisema haraka. "Rangi inatosha. Hata mtoto anaelewa."

Mzee Sixten alichovya mkate wake kwenye kahawa, akaunga mkono. Yeye, alisema, hapendi vitu vya maneno mengi.

Basi fomu ikapita. Wiki ile Tyra hakuwa na haraka hata kidogo. Alimwona mzee ngazini, akamsalimia kwa upole hadi mwenyewe akajishangaa. Jumapili alikula chakula cha mchana taratibu, akajaza kapu lake, ndipo akafungua fomu na kubonyeza kisanduku chake chekundu.

Kikakataa. Akabonyeza tena. Kikakataa.

Alishuka ngazi mbiombio. Mashine zote zilikuwa zinazunguka, na mzee Sixten alikuwa anakunja mashuka huku akipiga mluzi.

"Mzee, umepataje zamu hii?" Tyra aliuliza kwa hasira. "Pale palikuwa pekundu!"

Mzee aliacha kukunja.

"Kumbe vile visanduku vina rangi mbili?" alisema. "Basi niwie radhi, binti. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akiniambia mambo hayo ya rangi. Hata soksi alikuwa akinipangia yeye."