Shuka la Joka Kuu

Katika makumbusho ya mji ule, Odessa alikuwa akipanga ndani ya kabati la kioo karatasi za chama cha siri cha wazungu, yale majitu ya kujifunika shuka yaliyowachomea watu weusi nyumba, ya babu yake ikiwemo. Harlan, mgombea umeya, akamjia mbio.

"Mama, ukurasa huo utoe. Babu yangu alikuwa mtu wa kanisa."

"Nimemwona, bwana mkubwa. Cheo chake Joka Kuu. Kaonywa kwa kuja kikaoni na shuka la mkewe, lenye maua."

"Watanicheka!"

"Nyumba zilizochomwa hujaziuliza. Unaogopa maua?"

Akafunga kabati kwa ufunguo, akafungua mlango. Watu wakaingia. Harlan kabandika mgongo kwenye kioo, anatabasamu, anawapa mkono mmoja mmoja.