Fundo la Kanga

Hanifa, mimba imempanda hadi kifuani, alimvuta mama yake nyuma ya mlango wa ukweni. "Mama, nirudishie vidonge vyangu. Nahisi kinakuja."

Bi Somoe akakaza fundo la pindo la kanga yake alimovificha. "Wakwe zako wakijua una kifafa, utarudishwa kwetu leo leo. Zaa kwanza."

Kabla wali haujaiva, Hanifa alianguka jikoni, anarusha miguu, povu limemtoka. Wakwe wakaruka kando. "Msimguse! Povu hilo linaambukiza!"

Tangu utoto wa Hanifa, Bi Somoe ndiye aliyekuwa akimlaza ubavu asipaliwe.

"Bi Somoe," mama mkwe akamkazia macho, "mwanao anayo haya tangu zamani?"

"Wallahi, ndiyo kwanza naona," akajibu, akarudi nyuma pamoja nao, vidole vikilibana lile fundo.