Herufi Isiyosikika

Kahawa ilikuwa haijapoa bado, na tayari kurasa kumi na mbili za Fenna Oosting zilikwisha jaa alama nyekundu.

Baba yake, Mwalimu Harmen, alikuwa na miaka themanini na moja, lakini penseli aliishika kama bado ana darasa mbele yake. Alikuwa amefundisha lugha pale Beilen, mji mdogo wa Uholanzi, miaka thelathini na minane. Fenna, mchora katuni, alikuwa amemletea kitabu chake kipya cha picha, kinachomhusu mama yake, akipitie kabla hakijakwenda kuchapwa Jumatatu.

"Kosa," alisema mzee. "Kosa. Na hapa tena. Watu watasema mtoto wa mwalimu hajui kuandika."

"Hayo ni maneno ya mama. Kila kilichomo kwenye viputo vya usemi wake nimekinakili kutoka kwenye karatasi zake. Alipokosea yeye, na mimi nimekosea."

Mzee aliguna, akaendelea kuchora nyekundu. Mazoea yana taabu.

Makosa yenyewe yalikuwa ni kosa lile lile moja. Kwao Waholanzi kuna vitenzi ambavyo, mtendaji akiwa "yeye", huongezwa herufi t mwishoni, na t hiyo haisikiki kabisa mtu anaposema. Sikio hudanganyika; mwalimu haisamehe. Roelie, mama yake Fenna, hakuipatia hata siku moja. Akiandika orodha ya kwenda nayo dukani, mumewe aliisahihisha kwa nyekundu kabla hajafika mlangoni. Fenna alizitunza orodha zile zote. Ndio urithi pekee aliokuwa nao kwa mama yake, ukiacha barua.

Barua ndiyo iliyomfanya awe alivyo. Miaka thelathini na minne nyuma, mwezi wa Aprili, alirudi kutoka shuleni akamkuta baba peke yake jikoni, na juu ya meza karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, mojamoja, ili mtoto wa miaka tisa asishindwe kuisoma. Naondoka. Baba yako anakupenda. Anaona ni heri iwe hivi. Usinitafute.

Fenna aliinakili barua ile. Akainakili tena na tena, mpaka mkono wake ukazishika zile herufi. Alipokua akasomea fasihi katika chuo kikuu kule Groningen, akapata jina kwa kugeuza riwaya za watu kuwa picha, na wasomaji wakausifu mwandiko wa viputo vyake kuliko hata michoro. Akiulizwa ameutoa wapi, alijibu kwamba ni mwandiko wa mama yake.

Riwaya za wengine hazikuwahi kumnyima usingizi. Hii ya kwake ilimnyima, kwa sababu mama alikataa kugeuka. Katika kurasa tisini, kila alipochorwa alionekana kisogo tu, sanduku mkononi, anakwenda. Fenna aliuchora uso wake akaufuta, akauchora akaufuta, hadi karatasi ikatoboka. Alikuwa na swali moja, na lilimuuma kama siku ile ya kwanza: alikosa nini yeye, hata mama aende bila kumbusu?

Nje, jirani yao Bi Lammie alikuwa aking'oa vigae vya saruji bustanini kwake, apande maua. Siku hizi kila mtu aliving'oa. Hata halmashauri ilihimiza. Alipomwona mzee kwenye dirisha lililo wazi, akaegemea mtaimbo wake.

"Mwalimu, mtaa mzima umebaki wewe tu. Kwako hata nyungunyungu akitaka kupita, sharti aombe kwa maandishi."

"Na akikosea herufi, hapiti," alijibu Harmen.

Fenna alicheka. Vigae vya kwao baba yake alivipanga kwa mikono yake mwenyewe Aprili ile ile, kimoja kimoja, kuanzia mlango wa jikoni mpaka uani, na tangu hapo hakuruhusu mtu aguse hata kimoja. Fenna alimhurumia sana kwa jambo hilo. Kila mtu ana pa kuweka majonzi yake.

Mzee alifungua mkebe wa biskuti, akatoa moja yake na moja ya mwanawe, akaufunga. Kisha akafika ukurasa wa themanini na nne. Haukuwa na picha. Ilikuwa barua peke yake.

Alisoma taratibu, ncha ya penseli ikifuata mistari. Ilifika penye "anakupenda", ikasita, ikapita. Ikafika penye "anaona", nayo ikapita. Fenna aliinama kutazama. Zile t mbili zisizosikika, ambazo mama hakuzipatia kamwe, zilikuwa mahali pake, zimesimama wima kama wanafunzi wenye adabu. Alikuwa amezichora mara elfu, na leo ndiyo kwanza alizisoma.

"Hapa sasa umenifurahisha," alisema baba yake, akageuza ukurasa. "Hakuna kosa hata moja."

"Hiyo pia nimeinakili, baba," alisema Fenna. "Herufi kwa herufi."

Penseli haikusogea tena. Mzee aliitazama kahawa yake, na hakuinua macho.

Fenna aliinuka akaenda dirishani, akavitazama vile vigae vya uani. Alishangaa sauti yake ilivyotulia.

"Bi Lammie," aliita, "naomba uniazime huo mtaimbo."