Chupa ya L-17

Kijiti kilionyesha mistari miwili. Kalenga alikitupa, akachovya cha pili, kisha cha tatu. Mistari miwili tena. Kwa mujibu wa karatasi, chupa ya L-17 ilitoka kwa mama wa Lukafu mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, na vijiti vyote vitatu vilisema mama huyo ana mimba.

Alicheka peke yake mle maabarani, kwenye chuo kikuu huko Kasapa. Kisha kicheko kikamkauka.

Maana chupa hizo za mkojo ndizo zilizobeba kazi yake yote. Kwa miaka minne alikuwa akipima kobalti, madini ya migodi ya huko, katika miili ya wanawake wa Lubumbashi, mpaka akagundua jambo: wanaofagia uwanja bila kunyunyiza maji kwanza walikuwa na kobalti mara tatu ya wenzao. Tofauti yenyewe ilikuwa ndoo moja ya maji asubuhi, ya kutuliza vumbi. Ili aaminiwe alihitaji wanawake wa kulinganisha nao, wanaoishi mbali na migodi. Akachagua Lukafu, kwa wakulima, nyumbani kwao mke wake. Mama mkwe ndiye aliyewashawishi wenzake wakakubali, wakatimia arobaini.

Yeye hakwenda kuzichukua chupa hizo. Tangu Septemba alikuwa Ubelgiji akijifunza mashine mpya, bila kuja nyumbani hata mara moja, na alikuwa amerudi wiki mbili tu zilizopita. Mwezi wa tatu alimtuma Zéphirin, msaidizi wake kwa miaka kumi, mtu aliyemsimamia hata ndoa yake. Chupa zikawekwa kwenye friza zikimsubiri mwenyewe. Na hicho kijiti kilikuwa kanuni tu. Mimba hubadilisha vipimo, kwa hiyo kila chupa ya mwanamke huchovywa, hata ya bibi. Kanuni haina adabu ya umri.

Jumamosi angetangaza ugunduzi wake mbele ya maprofesa. Chupa moja ya uongo ingetosha kuziua zote arobaini.

Alimwita Zéphirin.

"Docteur, mi nilifika Lukafu," Zéphirin alisema. "Bamama bote quarante nilibaona na macho yangu. Kila mumoja aliingia mu nyumba, akatoka na chupa yake."

"Na huyu wa miaka sitini na tatu, iko na mimba?"

Zéphirin alikiinua kijiti hadi kwenye mwanga. "Labda kijiti iko mubaya."

"Yote tatu?"

Zéphirin akakirudisha kijiti mezani. Kalenga akayaona yote: mvua ya mwezi wa tatu, barabara mbovu, na mtu mvivu aliyebaki mjini akijaza chupa kwa mikojo ya majirani na ya msichana wake.

Jioni Falonne, mke wake, alimpakulia bukari, ugali wa huko, na sombe ya majani ya mihogo. Kalenga alimweleza yote. Adui akikuumiza unajua la kufanya. Huyu walikuwa wamekula chungu kimoja miaka kumi, na Kalenga aliona uchungu hadi kwenye meno.

Falonne alisikiliza, mwiko ukiwa bado mkononi. "Ule mama, unajua jina yake?"

"Hapana. Majina iko mu enveloppe, kwa comité. Mi niko na namba tu."

"Basi achana na enveloppe." Akamwongezea sombe. "Kikulacho kiko mu nguo yako, chéri. Muondoshe Zéphirin, mambo iishe."

Asubuhi akamwondoa. Zéphirin hakubishana. Alivua koti jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kiti.

"Uliza Lukafu, docteur. Mi sina neno ingine."

Maneno hayo yalimkera siku nzima, kwa sababu mwongo haombi mashahidi. Jumatano akaiomba ruhusa kamati ya maadili iliyotunza majina, bahasha ikafunguliwa. L-17 alikuwa Mama Chishimba, mama mkwe wake.

Kalenga aliona aibu hadi masikioni. Mama ambaye hathubutu hata kumtazama usoni, na yeye alikuwa amechovya mkojo wake mara tatu. Kisha hasira ikarudi. Bila shaka Zéphirin aliona haya kumwomba mama wa heshima kama huyo, akajijazia chupa mwenyewe. Sasa alitaka kulisikia hilo kwa masikio yake.

Alhamisi alasiri alifika Lukafu. Mama Chishimba alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Kalenga alikaa nje, ameupa mlango mgongo, kama inavyompasa mkwe. Katikati alikaa Nono, mdogo wake Falonne, ili abebe maneno.

"Muulize mama kama Zéphirin alikuja kweli."

"Mama anasema alikuja. Alimupatia chupa na heshima yote."

"Na mama aliijaza?"

Ndani ukasikika mnong'ono mrefu. Nono alifunika mdomo asicheke.

"Mama anaomba musamaha. Anasema mukojo ya mama haiwezi kufika mu mikono ya mukwe wake, hata kama ni mambo ya masomo. Alitafuta muntu mwingine wa kumujazia."

Moyo wa Kalenga ukatua. Zéphirin hakuwa na kosa. Kesho yake angekwenda kumwangukia miguuni na kumrudishia koti lake. Maprofesa angewaambia ukweli, chupa moja itolewe, thelathini na tisa zibaki. Alijisikia mwepesi, hata akatoa kalamu mfukoni.

"Hakuna shida. Aniambie tu jina ya ule muntu, niandike."

"Ni dada yangu Falonne," Nono alisema. "Ile siku alikuwa amekuja kutusalimia. We ulikuwa ungali Bulaya, shemeji."