Uso wa Mama Kwenye Kamera Mbili

Apolonia alizitazama tena picha mbili za mama yake, moja kwenye kila kamera.

Mama alikuwa amesimama pale pale, kwenye kona yenye kiza ya duka la kamera, na blauzi yake nyeupe. Kamera nyepesi, iliyosifiwa kwa kasi na bei nafuu, ilitoa blauzi inayong'aa na juu yake doa jeusi lenye meno. Ile nzito, inayoumiza shingo na kumaliza betri upesi, ilimtoa mama mzima: mikunjo ya macho, hata wekundu wa tambuu mdomoni.

Muuzaji, mtu wa milimani mwenye ngozi ya maji ya kunde, alicheka. "Dada, nyie watu wa kisiwa cha Buka mmezidi weusi! Mwambie mama asogee mlangoni kwenye mwanga."

Mlangoni. Miaka mitatu Apolonia alikuwa akipiga picha za harusi kisiwani kwa kamera nyepesi kama hii, na kila bibi harusi alimtoa mbele ya altare akamsimamisha mlangoni, kana kwamba kosa ni la ngozi yake. Mmoja alijipaka poda mpaka akafanana na muhogo uliomenywa.

"Mama yangu hasogei," alisema. "Sogeza pembeni hiki kidude chako chepesi."

"Usikasirike, dada. Utani tu."

Mama akajishika kiuno, pale pale kwenye kiza.

"Piga tena, mwanangu, kwa hiyo nzito. Kisha mpe huyu, anione."